Muulize Daktari: Wiki hii ananisifu, wiki ijayo ananitukana

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Nina mgonjwa wa miaka 24 anayekuja karibu kila wiki, leo kichwa, kesho tumbo, na vipimo havionyeshi kitu. Ananisifu kuliko wahudumu wote, lakini akisubirishwa kidogo ananiporomoshea matusi. Ana makovu ya wembe mkononi na anadai diazepamu ili alale. Wenzangu wanasema ni baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), wengine eti anajidekeza tu. Nifanyeje?

JIBU: Muulize kwanza hisia zake hugeuka kwa muda gani. Kwenye baipola, uchangamfu uliopitiliza hudumu angalau siku 4 mfululizo. Akibadilika ndani ya saa chache, hasa anapohisi ameachwa au kudharauliwa, fikiria tatizo la haiba yenye hisia zisizotulia, yaani BPD (kwa Kiingereza, borderline personality disorder). Huthibitishwa kwa dalili angalau 5 kati ya 9, zikiwemo hofu ya kuachwa, hasira kali, utupu moyoni na kujidhuru. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta wagonjwa takriban 6 kati ya 100 katika kliniki ya kawaida wakiwa nalo, na karibu nusu yao madaktari wao hawakuwa wametambua kuwa wana tatizo la afya ya akili.

Diazepamu usimpe. Humzoesha, humlegezea breki za kujizuia, na akizimeza zote kwa pamoja na pombe zinaweza kumuua. Hakuna dawa inayotibu BPD yenyewe. Kama ana sonona pia, itibu, ila mpe vidonge vichache kila mara.

Mpangie dakika 15 kila baada ya wiki mbili, awe anaumwa au haumwi, kwa tabibu yuleyule. Akipata muda wako pale tu anapozidiwa, kuzidiwa ndiko kutakuwa njia yake ya kukufikia. Ukienda likizo, mwambie mapema na umtajie atakayemwona.

Kuhusu wembe, uliza waziwazi: “Ulipojikata ulitaka kufa, au kutuliza maumivu ya moyoni?” Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi hujikata ili watulie, lakini hatari ya kujiua ipo palepale, kwa hiyo kila mara uliza kama ana mpango na ana dawa gani nyumbani. Akiwa na mpango, asiondoke peke yake. Apelekwe kwa wataalamu siku hiyohiyo. Na wanaomwita mdekezi waambie hivi: maumivu yake ni ya kweli.

Mweleze ugonjwa wake kwa jina. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miaka 10, na tiba ya mazungumzo, kama ile iliyoasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, hupunguza kujidhuru. Unapomwandikia rufaa, mpe papo hapo tarehe ya kurudi kwako, maana rufaa tupu ataiona kama umemtupa.