Rizista Haijichomi Yenyewe

Mzee mmoja wa Kongwa aliniletea amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti, ikiwa imefungwa kwenye kanga na kukazwa kwa kamba ya katani nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ilitoa moshi, sasa inanguruma tu."

Nilipoipindua pale kibandani kwangu Majengo, kwanza nilifagia vumbi jekundu kwa brashi ya rangi, ndipo nikaiona: rizista, kile kipande kidogo kinachobana umeme, nyeusi kama mkaa, imepasuka katikati, na ganda la waya wa jirani limeyeyuka.

Siku ile nilikosea. Nilisoma rangi zilizobaki za pete zinazotaja thamani yake, nikaweka rizista mpya, nikawasha. Dakika tano hazikuisha, moshi ukarudi, na safari hii bati la ndani ya valvu moja lilikuwa limeiva likawa jekundu. Nilichomoa waya mikono ikitetemeka. Valvu ile siioni katika maduka yetu ya Dodoma, na mali yenyewe haikuwa yangu.

Tangu hapo, nikiona rizista iliyoungua, swali langu la kwanza ni: nani kaichoma? Za kaboni za zamani huzeeka, thamani ikapanda kidogo kidogo, nyingine zikakatika bila hata harufu. Lakini iliyogeuka mkaa imepitishiwa umeme mwingi kuliko uwezo wake, na aliyeupitisha bado yumo ndani ya mashine.

Kabla hujatafuta chochote, kumbuka usalama. Amplifaya ya namna hii ina volti 300 au zaidi, na kapasita zake kubwa, vile vipande vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi natumia rizista ya kilo-om 10 ya wati 5, niliyoifungia waya wenye ganda zuri na vishikizo. Naiunga kati ya chanya ya kapasita na chasisi, yaani fremu ya chuma ya mashine, nahesabu hadi ishirini, halafu nahakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi, kwa sababu cheche ile huharibu kapasita na inaweza kukurukia usoni. Ukilazimika kupima mashine ikiwa imewaka, mkono mmoja ukae mfukoni.

Sasa, thamani ya rizista. Rangi zilizopikwa hudanganya sana. Nyekundu hugeuka kahawia, na chungwa pia hugeuka kahawia. Yangu ilionekana kahawia, kahawia, kahawia, yaani om 110. Kumbe pete ya katikati ilikuwa chungwa, kwa hiyo ni om 130. Nilijuaje? Mashine hii ina valvu mbili za EL84 zinazosukumana, yaani zinazopokezana kusukuma sauti, na rizista iliyoungua ilikuwa ya kathodi zake, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Maelezo ya watengenezaji wa valvu hizo yanataja om 130 kwa kathodi mbili zilizounganishwa pamoja. Namba ya valvu imeandikwa kwenye kioo, na maelezo yake yapo mtandaoni bure. Kama mashine ni ya stereo kazi ni rahisi zaidi: pima rizista ya mahali pale pale upande ulio mzima. Na kama rizista yenyewe ni ya waya, iliyokatika sehemu moja, kwangua ganda, pima kutoka kila ncha hadi palipokatika, kisha jumlisha. Utapata thamani iliyo karibu na ya asili.

Mchomaji nilimpata kwenye gridi, ule waya wa ndani ya valvu unaodhibiti umeme unaopita. Nilichomoa zile EL84 mbili, nikawasha, nikapima pini namba 2, yaani ya gridi, ya kila soketi dhidi ya chasisi. Hapo panatakiwa sifuri. Soketi moja ilikuwa sifuri, nyingine ilionyesha volti 14. Fanya kipimo hiki haraka, maana bila valvu hizo volti kuu hupanda na kuzilemea kapasita. Volti 14 zile zilitoka kwenye kapasita inayopitisha sauti kutoka valvu ya mbele. Kazi yake ni kuruhusu sauti na kuzuia umeme ulionyooka (DC), nayo ilikuwa inavuja. Gridi ikipata chanya, valvu hunywa umeme bila kiasi, na umeme wote huo hupita kwenye rizista ya kathodi. Nikabadilisha kapasita za pande zote mbili, mikrofaradi 0.1 za volti 630, kwa sababu ile iliyosalia ilikuwa ya umri uleule.

Rizista ikiungua sehemu nyingine, mshukiwa hubadilika. Ya gridi ya pili, ile inayopewa volti ya juu, mara nyingi hunielekeza kwenye valvu yenye shoti ndani. Ile inayopeleka umeme kwenye kapasita za kuchujia, pima kwanza hizo kapasita zilizo mbele yake.

Kuhusu wati, piga hesabu, usikisie. Valvu zile mbili zikipewa volti 300 hupitisha jumla ya miliampea 80 hivi. Zidisha 0.08 kwa 0.08 kwa 130, unapata wati 0.83. Rizista ya wati moja ingechemka mchana kutwa, na kwenye joto la Oktoba hapa Dodoma sithubutu. Nataka wati 3 au zaidi. Dukani nilikuta za robo wati tu, kwa hiyo nikang'oa mbili za om 270, wati 2, kwenye televisheni mbovu ya chogo, nikazipima, nikaziunga sambamba: om 135, wati 4. Tofauti hiyo ndogo haina shida. Niliziinua juu ya ubao kimo cha kucha ili hewa ipite.

Angalia na volti pia. Rizista nyingi za robo wati mwisho wake ni volti 250. Ukitaka kilo-om 220 kati ya volti 300 na chasisi, unga ya 100 na ya 120 mfululizo, kila moja ya nusu wati.

Kuwasha mara ya kwanza napitisha umeme wa ukutani kwenye balbu ya wati 60 ya nyuzi, ile wanayonunua wafugaji kuwapa vifaranga joto. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ya mzee iliwaka, ikafifia. Nikaondoa balbu, nikaweka mita kwenye kathodi, nikaiacha mashine saa mbili nzima nikisoma kila robo saa: volti 10.4, 10.5, 10.5. Ndipo nikarudisha kifuniko na kumpigia simu mzee aje na santuri moja tuijaribie.