Maneno yote nayajua, mbona sentensi narudia mara mbili?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kiingereza nimekisoma miaka mingi na msamiati haunisumbui, ila sentensi ikiwa ndefu nafika mwisho sijui nani kamfanya nini nani, inabidi nirudi mwanzo. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu natafsiri kichwani. Kweli? Halafu nikiongea bado nachanganya "he" na "she", aibu tupu.

JIBU: Rafiki yako kapatia nusu. Hata mtu asiyetafsiri kabisa bado anasoma lugha ya pili kwa mazoea ya ile ya kwanza, yani akili ishazoea kutafuta alama fulani na zisipokuwepo inahangaika.

Kiswahili kimekudekeza kidogo. Angalia hii, "kitabu cha mwanafunzi kilichopotea", ile ki tu umeshajua kilichopotea ni kitabu, ukisema "aliyepotea" basi kapotea mwanafunzi na watu waanze kumtafuta. Kiingereza hakina upatanisho wa hivyo, kinakuachia mpangilio wa maneno na akili yako, sasa we unasubiri ki ambayo haiji. Tena ngeli zikifanana hata sisi tunakwama: "mtumishi wa mwigizaji aliyekuwa roshani", nani alikuwa huko juu? Watafiti wa lugha Cuetos na Mitchell walitumia sentensi ya namna hiyohiyo mwaka 1988, wakakuta wasomaji wa Kiingereza wanaelekea kwa mwigizaji, jina la karibu, wakati wa Kihispania wanaelekea kwa mtumishi. Utata ni uleule ila kila mmoja anautatua alivyozoeshwa na lugha yake.

Kabla yao, miaka ya 80 mwanzoni, Bates na MacWhinney na wenzao waliwapa watu sentensi za ajabu kama penseli inampiga teke ng'ombe, wakawauliza nani kapiga. Wasemaji wengi wa Kiingereza wanasema penseli, si ndo imetangulia, Waitaliano wanasema ng'ombe maana penseli haina miguu. Kwa Kiswahili wala hakuna kesi, "inampiga", i ya penseli m ya ng'ombe, tumemaliza.

Kwahiyo sio uzito wa kichwa. Ukisoma sentensi ndefu kitafute kwanza kitenzi kikuu, jiulize mwenye tendo hilo ni nani, hayo mengine yatajipanga. Ila dawa hasa ni kusoma sana, kwa sababu haya mazoea yanahama: mtafiti mwingine, Dussias, mwaka 2003 alionyesha kwamba wenye Kihispania waliozama kwenye Kiingereza walianza kukisoma hata Kihispania chao wakielekea jina la karibu, yani lugha ya pili imerudi kuigusa ya kwanza. Mi hiyo ndo inanishangaza kuliko zote.

Ya "he" na "she" usione aibu. Sisi tuna "yeye" na a-, hatujawahi kulazimika kukumbuka jinsia kabla ya kufungua mdomo, na Wachina nao inawatoka hivyohivyo kwa sababu kwenye matamshi yao neno ni moja tu. Mimi mwenyewe nikiandika naiona nafuta, nikiongea haraka mjomba anageuka shangazi.