Jibu: Kitabu cha fomula cha FE (mtihani wa misingi ya uhandisi wa Marekani) nakitumiaje ndani ya mtihani?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukariri fomula au utegemee kitabu wanachokupa kwenye skrini. Kitegemee, lakini ukijue kabla hujafika. Kopi yako huruhusiwi kuingia nayo, unatumia ile pdf yao tu, na bahati nzuri ni ileile unayoweza kuidaunlodi bure kwenye akaunti yako ya NCEES, yaani hao wanaoendesha mtihani, so ianze leo, na fanya mazoezi yote ukiwa umeifungua kwenye kompyuta, usiiprinti kabisa maana utazoea karatasi halafu siku ya siku mkono unatafuta ukurasa ambao haupo.

Maswali ni 110 kwa masaa 5 na dakika 20, yaani hata dakika 3 hazifiki kwa swali moja. Sasa wewe ukitafuta "beam" inakuletea matokeo kibao na muda unakwisha. Tafuta neno adimu, kwa mfano "Manning", ile fomula ya maji yanayotiririka kwenye mfereji, inakupeleka moja kwa moja. Na ukifika pale usikimbilie kubandika namba, soma maelezo chini ya fomula, ile K iliyomo, namba inayotegemea yuniti, ni 1 kwa mita ila kwa futi ni 1.486, watu wengi wanapotelea hapo kaka, inaniuma sana kwa sababu hesabu wanaijua.

Vipimo na kubadilisha yuniti viko mwanzoni kabisa, sura ya maadili inafuata. Hiyo ya maadili isome nyumbani uimalize.