Programu ya Linux kugoma kwenye FreeBSD
Ndugu, unasema umejaribu kuendesha programu ya Linux kwenye FreeBSD (mfumo endeshi mwingine, wa jamii ya Unix), ikagoma, na sasa unafikiria mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako. Ujumbe huo wa "ELF binary type "0" not known" hausemi kwamba faili lako ni bovu. FreeBSD imeshindwa tu kujua kuwa ni la Linux. Mashine pepe ya nini? Ukiwa root (mtumiaji mkuu wa mfumo), andika `sysrc linux_enable=YES`, halafu `service linux start`. Kuanzia hapo kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe inapokea maombi ya Linux na kuyajibu, haiigizi kompyuta nyingine, kwa hiyo kasi haitakusumbua. Maktaba za Linux, yaani mafaili ya msaada ambayo programu huyahitaji: `pkg install linux_base-rl9`, zinakaa /compat/linux. Faili likigoma tena, ligonge muhuri wa kuonyesha kuwa ni la Linux: `brandelf -t Linux jina_la_faili`. Ila kama ni Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena), usimalize bando lako bure. Inategemea cgroups (sehemu ya kerneli ya Linux inayogawa rasilimali kwa programu), na kwenye FreeBSD hazipo.