Tai mwenye taji katika misitu ya mitaani

Umeuliza, ndugu, kama tai mwenye taji anaweza kuishi na kuzaa katika vipande vya msitu vilivyobaki baina ya nyumba, au kama anayeonekana huko amepotea tu. Anaishi, na anazaa. Huko Durban, Afrika Kusini, mabonde yenye msitu yametengwa katikati ya mitaa chini ya mpango wa jiji uitwao D'MOSS, na humo tai hawa hujenga viota juu ya miti mirefu, mara nyingi mikaratusi, ambayo hata si miti ya asili ya huko. Kiota ni rundo la vijiti linaloweza kufikia upana wa mita 2, nao wazazi hulitandika matawi mabichi yenye majani.

Chakula hakiwapi shida, kwa kuwa pimbi, tumbili na vifaranga vya kwarara ni wengi mitaani. Mbwa na paka huwindwa kwa nadra kuliko watu wanavyodhani.

Hofu yangu kubwa ni mti wenyewe. Yai huatamiwa kwa siku 50 hivi, kisha kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo mti mmoja ukikatwa wakati huo, msimu mzima wa uzazi umepotea. Na kinda akishaanza kuruka, hukutana na vioo vya madirisha vinavyoakisi miti, akavipiga kwa kasi yake yote.