Maswali na majibu: Karatasi itabaki?

Miaka hamsini ijayo vitabu vya karatasi vitakuwepo kweli? (Mwanachuo, Dodoma)

Vitakuwepo. Kinachohama karatasi ni kile kinachosomwa vipande vipande au kinachochacha siku hiyohiyo. Encyclopaedia Britannica, kamusi elezo maarufu ya Kiingereza, ilitangaza mwaka 2012 kuwa haichapishi tena juzuu zake 32. Gazeti la The Independent la Uingereza likafuata 2016. Lakini Kindle, kifaa cha kampuni ya Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ilitoka mwaka 2007, na hata Marekani ilikozaliwa watu bado hununua vitabu vya karatasi zaidi kuliko vya kielektroniki.

Mwanangu wa kidato cha pili anasomea kwenye simu. Nimwache? (Mama, Morogoro)

Kwa hadithi, mama, mwache. Kwa masomo, mtafutie kitabu. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kuwa maandishi ya maelezo hueleweka vizuri zaidi yakisomwa kwenye karatasi, hasa muda ukiwa mdogo, kama kwenye mtihani. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Uswidi, iliyotangulia kujaza kompyuta madarasani, ilianza mwaka 2023 kutenga fedha za kurudisha vitabu vya kiada. Kama simu ndiyo pekee mliyo nayo, data izimwe wakati wa kusoma, na kila baada ya kurasa chache aandike muhtasari kwenye daftari, kwa maneno yake mwenyewe.

Kitabu nilichonunua mtandaoni ni changu? (Msomaji, Mombasa)

Mara nyingi umenunua ruhusa ya kukisoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa fedha, vitabu vikatoweka. Hili linaniuma kuliko yote. Kitabu cha karatasi utamwazima shemeji, utakiuza kwa wauza vitabu vya mitumba, utawaachia wajukuu, na hakuna wa kukuuliza.

Nimetumiwa PDF ya riwaya kwenye kundi la WhatsApp. Kuna ubaya? (Kijana, Mwanza)

Upo, ikiwa mwenyewe hakuiruhusu. Mwandishi wa Kiswahili hana soko kubwa la kufidia hasara hiyo. Bei ikikushinda, changeni watatu, mnunue nakala moja, mpokezane.