Fomu ya daktari ina jina langu

Swali la wiki hii la gazeti lenu, "Jirani amekataa kumhasi paka wake dume na mtaa mzima unasumbuka, je, ashtakiwe?", nililisoma Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye cherehani, na tangu hapo sijashona kitu cha maana. Nitajibu, ila nitazunguka kidogo, kwa sababu mimi sikumshtaki mtu. Nilimchukua paka.

Tunaishi Buruburu, Nairobi, kwenye koti, yaani uwanja mmoja wenye geti, ya nyumba kumi na nane, na kama mnavyojua huku kwetu karibu kila mtu amejenga ekstensheni mbele. Yangu ndiyo karakana: nashona nguo za harusi na za ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Paka mwenyewe ni mweusi, kifua cheupe, shingo nene, anaitwa Kamanda. Watu wa Pwani wangemwita shume. Ni wa Mzee wa nyumba ya kona, mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe.

Anayesema haya ni mambo madogo hajanusa mkojo wa dume asiyehasiwa. Si kojo la kawaida la paka. Anakipa kitu mgongo, anainua mkia, mkia unatetemeka, anarusha, na hapo amejiwekea mpaka wake. Aprili, mvua ikinyesha kila siku, alipita dirishani akarusha kwenye vitenge sita vya wasimamizi wa bibi harusi. Nilifua kwa siki, nikafua kwa magadi. Jua likiwaka harufu inakwisha, unyevu ukirudi nayo inarudi. Nilikwenda Eastleigh nikanunua kitambaa kingine kwa pesa zangu. Usiku ni vita juu ya mabati, na majike wa mtaroni wakiingia joto ni kilio hadi alfajiri.

Nilimwendea Mzee mara mbili. Mara ya kwanza alinikaribisha chai. Mara ya pili alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Mama, huyu ni dume. Ukimkata atabaki nini? Na panya watashikwa na nani?" Kuhusu panya hakusema uongo, kwa sababu laini ya maji taka nyuma yetu hupasuka kila mara na Kamanda alikuwa akiwamaliza.

Kisha kwenye kundi letu la wasapu mtu akaandika kwamba dawa ya panya inauzwa hata kibandani. Hakuna aliyemkemea, na watatu waliweka kidole gumba. Hapo niliogopa. Kumwekea mnyama sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, lakini sheria haikai usiku kucha kwenye koti ikilinda omena iliyotiwa dawa. Na omena hiyo ingeliwa na yeyote, pengine hata mtoto anayejifunza kutambaa.

Mzee akasafiri kwenda Siaya kumzika ndugu yake. Alimwachia askari wa geti kazi ya kumlisha Kamanda. Nyumba nne tukachanga shilingi 3,500, na mimi nikapewa kazi kwa sababu nina kiondo kikubwa chenye kifuniko.

Nilipiga simu kliniki moja upande wa Kabete. Wakaniambia asile kitu tangu usiku. Kwa hiyo jioni askari alimpa matumbo ndani ya karakana yangu, nikafunga mlango, na Kamanda akalala humo na majora yangu. Nilikuwa nimefunika kila kitu kwa nailoni. Sikulala. Alizunguka, akaita, akakwaruza mlango, na karibu saa tisa akanyamaza. Nilipochungulia alikuwa amejikunja juu ya kiti changu cha kushonea. Alikuwa na kovu jipya juu ya jicho, na sikio moja limechanika kwa mapigano. Sikuwa nimewahi kumwangalia akiwa ametulia.

Asubuhi askari alimshika kwa blanketi, tukamtia kiondoni, nikafunga kifuniko kwa leso, mafundo mawili. "Mama, mimi sijaona kitu," askari akaniambia. Nikapanda matatu namba 58 hadi mjini. Makanga alitaka niweke kiondo chini, nikakataa, nikakipakata. Kamanda alilia kuanzia Jogoo Road hadi tuliposhuka, na abiria wakanitazama kana kwamba nimeiba mtoto. Mjini nikapanda gari jingine la kwenda juu. Humo hakulia hata kidogo, na ukimya huo ulinitia hofu kuliko kelele. Kila stendi nilipenyeza kidole kuona kama anapumua. Mara moja alikilamba.

Kliniki walinipa fomu. Jina la mnyama, umri, chanjo. Umri nilikisia. Chanjo sikujua. Kisha mstari wa mwenye mnyama, na chini yake, sahihi ya idhini. Niliishika kalamu kwa muda. Nikaandika jina langu.

Daktari, dada mdogo tu, aliniuliza kama ni paka wa mtaani, kwa sababu hao hukatwa ncha ya sikio akiwa usingizini ili kila mtu ajue ameshahasiwa. Nikasema hapana, wa nyumbani. Kusema kweli, nilijua Mzee angeiona ile ncha iliyokatwa.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Dume kwa kawaida hashonwi hata uzi. Nikisubiri azinduke, daktari akaniuliza jambo ambalo kwenye koti hatukuwa tumeliuliza: "Na majike mmeleta?" Akanieleza. Jike huanza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita. Anabeba kwa siku 63 hivi, na anaweza kushika tena akiwa bado ananyonyesha. Huko Ulaya baridi ikiingia na mchana ukifupika hupumzika, lakini sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu ni uleule, basi anazaa wakati wowote wa mwaka. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ukimwondoa dume mmoja, mwingine huja. Hata huyu wenu, akasema, anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa bado. Kelele na mikojo vitapungua, na panya ataendelea kuwashika. Watoto mtaendelea kuwaona.

Ikawa hivyo. Mikojo iliisha baada ya mwezi na nusu hivi. Kamanda haendi tena vitani. Lakini jike wa madoadoa alizaa wanne juu ya dari ya karakana yangu, na baba yao hatumjui. Jike huyo ni wa nani? Nimemtupia vichwa vya omena mlangoni kwangu kwa miaka miwili. Ukiniuliza ningekuambia si wangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia: msishtaki, chukueni kiondo. Sasa nimefika hapa siwezi tena kusema hivyo. Mzee aliporudi aliniambia, kwa furaha, kwamba Kamanda amezeeka kama yeye, anashinda ndani, analala miguuni pake. Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee wangu, umri ni umri." Hilo linaniuma kuliko vile vitenge. Ule ulikuwa uamuzi wake, hata kama aliuamua vibaya, na nadhani bado aliuamua vibaya sana.

Basi jibu langu ni ndiyo, aitwe, ila aitwe kwanza kwenye kikao cha Nyumba Kumi, kile cha majirani cha usalama wa mtaa, na tuitwe pamoja sote tunaowatupia majike chakula, tulipe kila mtu sehemu yake. Asiye na uwezo awaulize KSPCA, chama cha kutetea wanyama, kule Lang'ata. Akikataa baada ya hapo, alipe hasara. Akikataa hata hilo, na mtu ameanza kutaja sumu, hapo siwezi kuapa kwamba kiondo changu kitabaki ukutani.

Jike wa madoadoa nilimpeleka mwezi uliopita, watoto walipoacha kunyonya. Fomu ilikuwa ileile. Ncha ya sikio la kushoto nikakubali akatwe.

Mzee hasomi gazeti kwenye simu, lakini binti yake husoma. Jumamosi, kabla barua hii haijamfikia, nitakwenda nyumba ya kona nimwambie mwenyewe. Zile 3,500 sitamtajia.